Wezi wa Vitu Vilivyotupwa

Sisi tuliokua Dodoma wakati reli bado inanuka lami na chuma kipya tumebaki wachache, na kila mmoja wetu ana lake analolikumbuka. Kuna wanaokumbuka siku gari moshi lilipolia mara ya kwanza, ng'ombe wakatimua mbio, na wazee wetu wakatimua nyuma yao wakisingizia kwamba wanawafuata ng'ombe. Kuna wanaokumbuka buti za askari wa Mdachi, yule Mjerumani, na vumbi lake. Mimi nakumbuka shimo.

Lilikuwa nyuma ya stesheni, upande wa kuelekea Makole, ambako siku zile kulikuwa na miiba mitupu na fisi. Kila asubuhi mkokoteni wa punda ulileta taka za nyumba za Wazungu, za karakana ya reli na za maduka ya Wahindi, ukazimwaga humo, kisha mpishi mmoja akaja na karai akamwaga majivu juu yake. Upepo wetu mnaujua. Ukivuma wakati majivu yanamwagwa, watoto wote tulitoka weupe kama wanaotoka jandoni, macho tu ndiyo yanaonekana, na hapo tunachekana mpaka tunakaa chini. Nikifumba macho bado nainusa harufu ya pale: kahawa iliyoungua, mafuta ya samaki, magunia yaliyonyeshewa, na ule utamu wa maziwa ya kopo yaliyoanza kuchacha. Wadogo walikuwa wanaingiza kidole ndani ya kopo na kulamba. Ulimi uliokatwa na bati ulikuwa alama ya utoto wetu, kama vile siku hizi watoto wanavyoonyeshana kovu la chanjo.

Tuliokota makopo, chupa za bia, misumari iliyopinda, vipande vya vioo na mikanda ya chuma ya mapipa. Mkanda wa pipa ulikuwa mali. Kabla haujapelekwa kwa fundi ulikuwa gurudumu kwanza; tuliusukuma kwa kijiti juu ya tuta la reli tukishindana, na anayeangusha anaitwa jina la punda wa mkokoteni siku nzima. Gunia lilitobolewa matundu matatu likawa kanzu. Nimewahi kwenda kusali Krismasi nimevaa gunia la sukari, nikajiona nimependeza kuliko watu wote, na nzi nao wakaniona hivyo.

Lakini nisiwapake mafuta. Hatukuwa pale kucheza tu. Baba alikuja Dodoma kutoka Mlali kufanya kazi kwenye tuta la reli, na udongo uliporomoka ukamfunika kabla reli haijafika tulipokuwa tunaishi. Mama alimfuata kwa homa msimu uliofuata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa nasoma shule ya misheni, nimekwisha kujua kusoma na kuandika, na mwalimu alikuwa ameanza kuniita nisome mbele ya wenzangu. Nilirudisha kibao cha kuandikia siku ya pili baada ya matanga. Mama aliniachia neno moja, alilisema huku amenishika kidole cha mwisho kama mtoto: "Msitawanyike. Mkila majani, myale pamoja." Chini yangu walikuwepo Ndahani, mdogo wangu wa kiume, na Nyemo aliyekuwa bado anabebwa. Na huko Mlali alikuwepo baba mdogo, ambaye si mtu mbaya, lakini alisema wazi mbele ya watu: siku nitakaposhindwa kuwalisha, atakuja kutugawa. Ndahani atachunga ng'ombe wa mtu mmoja, Nyemo atalelewa na mwingine, na mimi nitaolewa. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakifanyika, na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa hiyo kila kopo nililookota lilikuwa siku moja zaidi tuliyobaki watatu ndani ya tembe moja, nyumba yetu ya udongo.

Watu wanadhani jalalani hakuna adabu. Pale shimoni tulikuwa na sheria, na watoto wa leo wenye vitabu vya uraia hawaishiki ya kwao kama tulivyoishika ile. Kitu kilikuwa chako kikiwa kimetupwa na mwenyewe, kimetua chini, na mwenyewe amekipa kisogo. Kilichobaki juu ya mkokoteni si chako hata kikining'inia. Kilicho mkononi mwa mtu si chako hata akikuonyesha kwamba anakitupa. Unangoja. Kikishatua na yeye akageuka, wa kwanza kukigusa anasema "changu" kwa sauti, na hapo hakuna ugomvi. Aliyesema "changu" juu ya kitu kisichotua tulimfukuza shimoni, akarudi tu akiwa ameleta maji ya kunywa kwa wote. Nilimwona mvulana mkubwa, mwenye misuli, akikiacha kisu kizuri kilichodondoka kutoka mkokotenini kwa sababu mwenye punda alikuwa bado hajageuka. Akakiita: "Baba, kisu chako." Yule mzee akakiokota, akatutukana, akaenda zake.

Tulivyookota tulipeleka kwa Mzee Feruzi, fundi bati. Babu yake alikuja na misafara ya pembe kutoka Ujiji akaishia hapa, na yeye alirithi nyundo, mkasi wa bati na ulimi mchafu. Nikifika na gunia langu alikuwa anamwaga kila kitu chini na kuanza.

"Hili kopo umeliokota au umelifukua kaburini?"

"Nimeliokota, Mzee."

"Basi aliyelitupa alikuwa na akili kuliko wewe."

Kisha analichukua, na jioni limekuwa koroboi. Alitulipa uwele kwa kibaba, na siku akiwa na roho nzuri aliongeza chumvi. Ndahani alimpenda kuliko alivyompenda baba mdogo. Nyemo naye, alipokua kidogo, alijifunzia herufi hapo hapo kwa Mzee Feruzi, kwenye karatasi za makopo, kabla hazijabanduliwa. Mpaka leo, mtoto yule ambaye sasa ni bibi anaandika herufi zake kwa madaha kama tangazo la maziwa.

Naomba mwenzangu unayesoma ukumbuke nyumba yenu ya wakati ule. Koroboi iliyowaka ilitoka wapi? Debe la maji, kibaba cha kupimia unga, kata ya kuchotea, kiraka kwenye sufuria, bati dogo lililoziba tundu la panya? Hivyo vyote vilipita mikononi mwetu. Siku hizi kijana sufuria yake ikitoboka anaitupa, halafu anakopa kununua nyingine, na akikopa anatembea kifua mbele. Enzi hizo mama mwenye nyumba alikuwa analia sufuria ikitoboka, na kesho yake anacheka kwa sababu ya sisi. Lakini akikutana nawe njiani hakuiti kwa jina la baba yako. Anakuita "funza". Watoto wake wanakuita "funza wa shimo." Huku chakula chake kinaiva kwenye sufuria iliyozibwa kwa bati uliloliokota wewe.

Sasa nije kwenye waya.

Kiangazi kimoja nyaya za simu zilikatwa mahali fulani magharibi ya mji. Kila mtu alijua kwa nini zinakatwa: waya ule ulifaa sana kwa bangili, na vijana wa porini walikuwa hawaoni sababu ya kitu kizuri namna ile kuning'inizwa juu hewani bila kuvaliwa na mtu. Mdachi alikuwa anakasirika kwa jambo hilo kuliko jambo lolote. Akatuma kundi la mafundi kwenda kuunga, na nyapara wao alikuwa Hamisi, mtu wa mjini, mwenye nyumba nzuri nyuma ya soko. Walipita karibu na shimo letu wakirekebisha nguzo moja baada ya nyingine. Ndahani alikuwa hapo. Hamisi alikata kipande kilichopinda, akakitazama, akakitupa chini, na alipoona kinamkwaza akakisukuma kwa buti mpaka majanini. Kisha wakasogea nguzo nyingine. Ndahani alingoja. Alinisimulia mwenyewe kwamba alingoja mpaka wamefika mbali, ndipo akasema "changu," ingawa alikuwa peke yake na hapakuwa na wa kumsikia. Kimetupwa na mwenyewe, kimetua, mwenyewe kakipa kisogo. Kwa sheria yetu hakukuwa na kitu safi zaidi ya hicho.

Alimfungia Nyemo mkononi kama bangili. Kipande kilichobaki akakibeba begani, wazi, mchana kweupe, akipita nacho sokoni kwenda kwa Mzee Feruzi. Mwizi gani anayefanya hivyo? Askari alimsimamisha mbele ya watu wote.

"Waya huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Ndahani.

Neno hilo lilitosha. Pale shimoni lilikuwa neno la mtu mwaminifu. Pale sokoni likawa ushahidi.

Siku ya shauri nilikwenda bomani na Nyemo mgongoni. Baraza lilikuwa limejaa. Yule bwana Mdachi aliketi mezani kivulini na mkalimani wake kando, na watu wa mji wamechuchumaa juani. Nilitazama zile nyuso na nikawajua karibu wote kwa vyombo vyao. Yule koroboi, yule debe, yule ndoo yake ilizibwa kwa bati nililoliokota. Mkalimani alimuuliza tena Ndahani kama waya ni wake, na Ndahani, aliyefundishwa nami kutosema uongo, akajibu tena kwamba ni wake. Nikasimama.

"Ulitupwa," nilisema. "Nyapara Hamisi aliutupa. Yuko pale, muulizeni."

Hamisi alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mkalimani alimuuliza. Hamisi alitazama buti zake, zile zile alizousukumia ule waya, akasema, "Sikumbuki."

Mdachi akasema maneno machache na mkalimani akayageuza: kitu cha Serikali hakitupwi. Kikiwa chini, ni cha Serikali kilicho chini.

Mzee Feruzi akacheka. Alikuwa nyuma kabisa, na alicheka kile kicheko chake kikavu. "Basi mwambie," alimwambia mkalimani, "na harufu ya lile shimo ni ya Serikali. Mbona hajaja kuichukua?"

Mkalimani hakuligeuza. Watu wakainamisha vichwa, na nikaona mabega ya wengine yanatikisika kwa kucheka, lakini hakuna aliyesimama. Hata mmoja. Ningewasamehe kama wangekuwa hawatujui. Walijua. Nusu yao walimwona Hamisi akikata na kutupa, maana kazi ya waya ilikuwa tamasha, watu waliifuata kama ngoma. Na usiku ule walirudi nyumbani wakawasha taa tulizowaletea wakala wakiongea habari zetu.

Walimchapa kiboko pale pale uwanjani. Walisema wamempunguzia kwa sababu ni mtoto. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Wenzangu mlioona mnajua kulivyokuwa, na ambao hamkuona hamtapata faida kwa mimi kuwasimulia. Walimvua Nyemo bangili. Kisha Ndahani akaunganishwa na wafungwa mpaka mvua zitakapoanza, na watoto wote wakakatazwa kufika shimoni.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Mpaka leo haijafa. Shimo lisipookotwa hujaa haraka. Makopo yalifurika mpaka njiani, chupa zikakata miguu ya punda, nzi wakahamia sokoni, na Wazungu wakaanza kuona panya kwenye veranda zao. Bwana yule yule akatoa amri taka zipangwe: chuma upande huu, chupa upande ule, kinachoungua kichomwe. Nani apange? Wafungwa. Nilisimama mbali kwenye miiba nikamwona mdogo wangu na kamba kiunoni, ameinama kwenye shimo letu, anaokota kopo lile lile ambalo mwezi uliopita lilikuwa chakula chetu. Tofauti ilikuwa moja. Alipoliokota kwa ajili yetu lilikuwa wizi, na alipoliokota kwa ajili yao likaitwa kazi. Na walipomaliza kuyapanga, wakayafukia. Bati zima, zuri, likafukiwa ardhini, huku mjini watu wakilala giza kwa sababu Mzee Feruzi hana cha kugonga.

Baba mdogo alikuja wiki hiyo. Aliketi mlangoni mwa tembe, fimbo yake magotini, akaanza kwa salamu zote, "mbukwa" yangu akaipokea kwa upole. Sikuweza kumchukia.

"Mwanangu, umejitahidi," alisema. "Sasa basi. Nyemo nitaondoka naye kesho. Huyo wa kiume akitoka atakuja kwenye ng'ombe. Na wewe kuna watu wameniuliza."

"Mama alisema tusitawanyike."

"Mama yako alisema akiwa hai wa kuwalisha. Wewe utawalisha nini, majivu?"

"Nimewalisha hayo hayo mpaka leo, baba. Mtazame Nyemo kama amekonda."

Alimtazama. Nyemo alikuwa na kitambi. Baba mdogo akakohoa, akasema shimo limefungwa, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwomba aningoje mpaka Ndahani atoke. Akasema atarudi wingu la kwanza likionekana, na kama atakuta jiko halina moto, hataniuliza tena.

Nilikwenda kwa Mzee Feruzi nikamwambia nataka kujifunza kugonga bati. Alinitazama kana kwamba nimemwomba ndevu zake.

"Mwanamke fundi bati? Watanicheka hadi Ujiji."

"Wanakucheka tayari, Mzee."

"Hiyo ni kweli," alisema. "Shika mkasi. Ukijikata usinililie."

Bati la kugonga lilikuwa halipo, basi nikabuni njia yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, nikipaza sauti ya muuza maziwa: leteni kilichotoboka, leteni kilichovunjika, leteni mliloshindwa nalo. Mdachi alikuwa amemiliki vya chini, lakini kilichotoka mkononi mwa mama kikaingia mkononi mwangu hakikuwa na Serikali katikati. Wengine walinifukuza. Wengine walitoa kimya kimya. Nilifika hata kwa Hamisi. Mkewe alitoka na sufuria ameifunika kwa upindo wa kanga, akatazama huku na huku.

"Chukua, lakini usiseme nimekupa mimi."

"Nitasema, mama," nilimwambia. "Wewe umenipa, na mimi nimepokea. Nataka mtaa wote ujue vitu vyangu vinatoka wapi."

Alisimama kidogo, sufuria mkononi. Kisha akaondoa kanga, akanipa mbele ya jirani zake, na akasema kwa sauti niliyoisikia mpaka nilipopinda kona, "Huyu nimempa mwenyewe. Mdogo wake naye hakuiba." Mume wake alikuwa ndani. Hakutoka.

Neno lile lilichelewa sana kumsaidia Ndahani, lakini lilifungua milango mingine, na kwa kila kiraka nikalipwa kibaba cha uwele. Baba mdogo aliporudi alikuta moto unawaka, Nyemo anakula ugali wa uwele na mlenda, na mimi nina vidole vimefungwa vitambaa vyote isipokuwa gumba. Alikula nasi, akalala, asubuhi akaniachia mbuzi na kuondoka peke yake.

Ndahani alitoka matone ya kwanza yalipoanguka. Mgongo ulipona. Alikua, akaoa, akalima, akawa mtu wa kuheshimika. Lakini kuna neno moja hakulisema tena mpaka alipokufa. Ukimuuliza jembe hili la nani, anajibu, "Lipo hapa." Nyumba hii ya nani? "Tunakaa." Watoto wake walidhani ni unyenyekevu, wakamsifia hivyo siku ya mazishi. Mimi na Nyemo tulitazamana.

Vita vilipokuja na bahari ikafungwa, mabwana wakaishiwa. Wakatuma askari kukusanya madebe, chupa na mikanda ya mapipa nyumba kwa nyumba. Lile shimo walilolifukia wakalifukua. Mzee Feruzi aliwasindikiza kwa macho walipobeba bati lake lote, akasema, "Sasa nao ni funza, ila funza wenye bunduki." Baadaye wakaondoka, wakaja wengine, na wengine nao sasa wamefunga mizigo yao. Huko Kongwa mitambo waliyoileta kulima karanga, kisha wakaitelekeza, inaoza porini, na hakuna aliyechapwa kwa kuitupa.

Nawaandikia haya kwa sababu ya jambo nililoliona juzi. Kando ya soko kuna jalala la baraza la mji, na watoto watatu walikuwa wanaokota makopo. Nikasimama kuwatazama, maana mikono yao ilikuwa inajua kazi. Akaja kijana wa bwana afya, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, akawafukuza kwa mawe. Namjua. Nimembeba utotoni, na uji wake wa kwanza ulipikwa kwenye sufuria niliyoiziba mimi. Akanisalimia vizuri sana, "Shikamoo bibi," na mawe bado mkononi.

"Marahaba. Hao wamekukosea nini?"

"Hao ni wezi tu, bibi."

"Wameiba nini?"

"Vitu vya baraza."

"Si mmevitupa?"

"Hata kama tumevitupa," alisema, na akacheka kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo ambalo wakati wake umempita.

Enzi zetu tulikuwa na njaa, na magunia yalituwasha, na nisingependa mjukuu wangu yeyote ayaone niliyoyaona. Bado nazitamani siku zile, tulipokuwa watatu na moto mmoja, na sheria yetu pale shimoni ambayo hata mwenye misuli aliifuata. Aliyetuita wezi siku hizo alikuwa mgeni. Alikuja kutoka mbali, hakujua lugha yetu, hakujua baba yetu alifia kwenye tuta lake. Nilimchukia, na chuki ile ilikuwa nyepesi kuibeba. Hawa wa sasa ni watoto wetu. Wanatuamkia kwa heshima, kisha wanaokota jiwe.